Jinsi ya kumfundisha mtoto wa fomu foo evolusheni kwa kutumia silikanti wetu wa Tanga

Wazazi na walimu wa tuisheni, hii topiki ya evolusheni, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, watoto wengi wanaikariri tu, Lamarck kasema hivi Darwin kasema vile, mtihani ukipita imeisha. Mi naona ifundisheni kama ubishi mrefu, kila anayekuja anamrekebisha mwenzake kwa ushahidi, na sisi huku Tanga tunaye samaki, silikanti, aliyeingia kwenye huo ubishi.

Kwanza nendeni soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga mkanunue changu, hata mdogo. Mkunjue pezi la ubavuni, mtoto aone vimiba vyembamba vinavyotokea mwilini moja kwa moja. Halafu mfungulie kwenye simu picha ya silikanti, pezi lake limekaa juu ya kikono kinene cha nyama na ndani kuna mifupa kabisa. Muulize anaona tofauti gani, na usimpe jibu, mwache aangalie.

Hapo sasa ndo uanze historia. Zamani wasomi wengi Ulaya waliamini viumbe havibadiliki. 1796 Cuvier, mwanasayansi wa Ufaransa, akaonyesha kwa mifupa ya tembo wa kale kwamba kuna wanyama walishatoweka kabisa. Lamarck 1809 akasema viumbe vinabadilika, ila akadhani kiungo ukikitumia sana kinakua na mtoto anarithi, hapo akakwama. Darwin na Wallace wakaja na uteuzi wa asilia 1858, yaani wenye sifa zinazofaa mazingira ndo wanaopona na kuzaa zaidi, lakini Darwin naye urithi ulimsumbua mpaka anakufa, na jibu, kwamba sifa zinarithiwa kama vipande vizima visivyochanganyika, Mendel alishalichapisha 1866 kwa njegere zake, watu wakaja kulizingatia 1900! Hapa msikimbie, watoto wanapapenda sana.

Rudini kwa silikanti. Alijulikana kwa visukuku tu, mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, ikaaminika alitoweka miaka kama milioni 66 iliyopita, na kwa hayo mapezi yenye mifupa wengine wakamwona ndo babu wa wanyama wa miguu minne. 1938 akavuliwa Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, akashtukia huyu si wa kawaida. Miaka ya 2000 wavuvi wa Kigombe, huku kwetu Tanga, nao wakawa wanamnasa kwenye nyavu za majarife, basi 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya kumlinda. 2013 jenomu yake, yaani jeni zake zote, ikasomwa, kumbe samaki aliye karibu zaidi na sisi wa miguu minne ni kamongo, wale wa jamii ya huyu wa Ziwa Victoria, na jeni za silikanti zinabadilika ila taratibu.

Mwisho mpe karatasi, kila wazo aandike lilipatia wapi na nini kililirekebisha. Kwa Darwin akimtaja Mendel na kwa silikanti akamtaja kamongo, huyo kaelewa.