Kutoa Programu ya Terminali kwa Linux, macOS na Windows kwa Kutumia Go

Huhitaji Mac mezani ili kutengeneza faili la Mac. Tangu Go 1.5 ya mwaka 2015, kompaila inajenga kwa ajili ya mifumo mingine yenyewe. Unachobadilisha ni vigeu viwili, GOOS (mfumo) na GOARCH (prosesa). Jozi zipo nyingi (`go tool dist list` huziorodhesha), ila tano zinatosha: linux/amd64, linux/arm64, darwin/amd64, darwin/arm64, windows/amd64. Darwin ndiyo macOS.

Weka tagi kwanza, `git tag v1.2.0`, kisha jenga:

`CGO_ENABLED=0 GOOS=linux GOARCH=amd64 go build -trimpath -ldflags "-s -w -X main.toleo=v1.2.0" -o dist/zana .`

Hiyo CGO_ENABLED=0 usiisahau, hasa unapojengea mfumo uleule unaoutumia. Ukijengea mfumo mwingine, Go huizima cgo (njia yake ya kutumia msimbo wa C) bila kuambiwa. Ukijengea wa kwako, kwa kawaida huiacha wazi, na programu inayogusa mtandao inajifunga kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi. Ukiipeleka Alpine, Linux ndogo inayotumia maktaba nyingine ya C iitwayo musl, utaambiwa "not found" na huku `ls` inakuonyesha faili lipo! Kinachokosekana ni kipakiaji cha glibc, si faili lako. Kwa hiyo jaribu humo kabla ya kutangaza:

`docker run --rm -v "$PWD/dist:/d" alpine /d/zana --version`

Ila ukitumia mattn/go-sqlite3 (maktaba ya hifadhidata ya SQLite), cgo ni lazima: bila hiyo programu itajengeka vizuri, kisha ikwame inapofungua hifadhidata. Hamia modernc.org/sqlite, iliyo Go tupu.

Namba ya toleo isipobadilika, angalia kama `toleo` umeitangaza kwa `const`. Alama ya -X hubadilisha `var` ya maandishi tu, na haitoi onyo lolote. Kwa Windows, ukitumia -o andika `.exe` mwenyewe.

Linux na macOS wafungie kwa tar.gz, inayotunza ruhusa ya kuendesha. Windows wape zip. Malizia na `sha256sum * > checksums.txt`, inayoandika alama ya sha256 ya kuhakiki kila faili.

Faili la Mac lililopakuliwa kwa kivinjari litazuiwa na Gatekeeper, mlinzi wa macOS, kama halijathibitishwa na Apple, na akaunti ya kufanyia hivyo ni dola 99 kwa mwaka. Usipolipa, waandikie watumiaji kwenye README: `xattr -d com.apple.quarantine ./zana`.

Ukigundua kosa baada ya kutoa, usibadilishe faili chini ya tagi ileile. Waliohifadhi sha256 ya zamani, Homebrew (kisakinishi cha programu) wakiwamo, watakataliwa. Toa v1.2.1.