Uko na MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia neva) na unaishi Kisumu? Tafuta maambukizi kwanza

Miguu ikikuwa mizito ghafla ama jicho lianze kuona ukungu, usikimbilie kuitisha stiroidi (dawa ya kutuliza shambulio la MS), pima joto kwanza. Mwili ukichemka hata kidogo, neva zilizoumizwa na MS zinapitisha ujumbe vibaya na dalili za zamani zinaamka zote, homa ikishuka zinatulia. Hiyo si rilapsi, yaani MS kushambulia upya. Rilapsi ni dalili zikae zaidi ya masaa 24 na hauna homa wala maambukizi. Na huku kwetu kando ya ziwa, homa ikiingia pima malaria siku hiyo hiyo, hata kama unalala kwa neti.

Halafu mkojo, ile watu huona aibu kusema na ndio inatusumbua sana. MS inafanya kibofu kisimalize, ule unabaki ndani ndio bakteria wanazaana. Wengine hawaskii hata kuwashwa, unaona tu umechoka, miguu haishiki na mkojo umebadilika rangi unanuka. Peleka maabara wafanye kalcha (kuotesha hao bakteria) ndio mjue dawa gani itaua hao wadudu, wacha kununua antibayotiki ya kubahatisha kwa kemisti. Ukienda choo kaa chini, kojoa, simama kidogo, kaa tena ujaribu mara ya pili, utashangaa kilichokuwa kimebaki. Na usijinyime maji ati ndio usisumbuke na choo, na hili jua!

Kama unaenda kuanza drip ya rituksimabu (dawa ya kutuliza MS kwa kupunguza kinga), jua inamaliza seli B za kinga, na kwa hizo ndio hutoka seli za kutengeneza kingamwili. Kabla ya hiyo drip itisha vipimo vya hepatitisi B, TB na HIV, juu hepatitisi B iliyolala inaweza kuamka iharibu ini. Chanjo maliza angalau wiki 4 kabla. Zile za virusi hai kama ya homa ya manjano, ukishaanza dawa hapana.

Wale wa kuuza miti shamba ya "kuongeza kinga" mpite tu, kinga yetu ndio inatushambulia.

Andika kwa simu jina la dawa na tarehe ya drip ya mwisho, daktari wa zamu anaweza kuwa hajawahi kuona mtu wa MS. Joto likifika 38 ukiwa kwa rituksimabu enda hospitali usiku huo huo, usimeze Panadol ungoje Jumatatu.