Kutengeneza Mizinga Midogo ya Modeli ya HMS Victory kwa Mpingo

Sitaha ya chini ya mizinga katika HMS Victory, manowari ya Uingereza iliyopigana Trafalgar mwaka 1805 na ambayo imehifadhiwa Portsmouth hadi leo, ilibeba mizinga 30 ya ratili 32, yaani iliyorusha tufe la chuma lenye uzito huo. Anayeunda modeli ya meli hiyo hana budi kutengeneza kitu kile kile mara 30, na jicho la mtazamaji, likipita juu ya madirisha yaliyopangwa kwa mstari, hugundua upesi mzinga ulionenepa kuliko jirani zake. Ndiyo maana nashauri muda mwingi utumike katika mzinga wa kwanza na kiolezo chake.

Tuchukue uwiano wa 1:72. Mzinga halisi ulikuwa na urefu wa futi 9 na inchi 6, takriban mita 2.9, kwa hiyo wa modeli utakuwa na milimita 40. Urefu huo hupimwa kuanzia pete kubwa ya takoni hadi mdomoni, na kirungu kilichochomoza nyuma hakihesabiwi. Wengi hukijumuisha, wakaishia na mzinga mfupi. Tundu la mdomo lilikuwa na kipenyo cha inchi 6.4, ambacho katika modeli ni zaidi kidogo ya milimita 2.2.

Kuhusu malighafi, modeli nyingi huwekewa mizinga ya shaba inayometameta, na kwa meli hii hilo ni kosa, kwani mizinga yake ilikuwa ya chuma cha kusubu kilichopakwa rangi nyeusi. Aliye Mombasa aende Fort Jesus akaitazame mizinga ya chuma iliyopo pale, aone jinsi weusi wake usivyong'aa. Mimi hutumia mpingo, ambao ni mgumu, una nyuzi zilizoshikana kiasi cha kutengenezewa klarineti, na weusi wake ni wa asili. Vumbi lake huwasha pua na kifua, hivyo barakoa ni ya lazima.

Pasua vijiti vya mraba vya milimita 10 na uvikate kwa urefu wa milimita 60, ili ibaki sehemu ya kushikwa na keekee. Kabla ya kukereza chochote, toboa tundu la masikio, yaani vile vishikizo viwili vya ubavuni ambavyo mzinga hulalia juu ya kigari chake. Mizinga yangu minne ya kwanza niliitoboa baada ya kuikereza: mitatu ilipasuka, na wa nne ukawa na masikio yaliyopinda, kwa sababu ncha ya keekee huteleza juu ya mti wa mviringo. Kijiti kikiwa bado cha mraba hulala sawasawa kwenye jiliwa na tundu hunyooka. Mahali pake ni sehemu 3 kati ya 7 za urefu kutoka takoni, yaani milimita 17, tena chini kidogo ya mstari wa katikati. Kipenyo cha masikio hulingana na cha tundu la mdomo, kwa hiyo keekee ya milimita 2.2 inatosha kwa yote mawili. Ziba tundu hilo kwa kijiti kilichobana ili kingo zisimeguke wakati wa kukereza.

Asiye na kerezo afunge keekee ya umeme kwenye jiliwa, kijiti kizunguke taratibu, naye akichonge kwa tupa kisha msasa. Mzinga si pia iliyochongoka kwa mstari mmoja. Una sehemu tatu kutoka takoni hadi mdomoni, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia, na mpaka wa sehemu na sehemu huonekana kama kidaraja kidogo, kisha mdomo wenyewe hutuna tena. Kata umbo hilo kwenye kipande cha bati na ukiegeshe ubavuni mwa kila mzinga. Mwanga ukipenya kati ya bati na mti, bado kuna kazi. Toboa mdomo kwa kina cha milimita 8, kisha pitisha waya wa shaba katika tundu la masikio na uuache uchomoze milimita 2 kila upande.

Muundo wa Thomas Blomefield, uliokuwa umeenea katika jeshi la majini la Uingereza wakati huo, ulikuwa na pete juu ya kirungu cha nyuma. Ikunje kwa waya mwembamba na uigandishe kwa gundi, kwa kuwa ndimo ilimopita kamba nene iliyozuia mzinga wenye tani zaidi ya 2.5 usirudi nyuma hadi upande wa pili wa sitaha. Uzi wa milimita 0.8 unafaa kwa kamba hiyo.

Kigari kina mashavu mawili yenye ngazi upande wa nyuma. Magurudumu ya mbele yawe makubwa kuliko ya nyuma, kwa sababu sitaha iliinama kuelekea ubavuni mwa meli. Mninga haufai hapa. Vinyweleo vyake huonekana kama mashimo katika uwiano huu. Kigari cha kwanza kikikamilika, kiweke dirishani mwake na utazame kutoka nje: mdomo ukae katikati ya dirisha. Ukiwa juu au chini, rekebisha magurudumu sasa, kabla hujakata mbao za vigari 29 vilivyobaki.