Fielder haikulilii tena ukihama mstari? Anza hapa kabla hujaliwa hela

Shemeji yangu kabadilisha kioo cha mbele cha Fielder yake ya 2016, kesho yake ananipigia simu eti gari halimlilii tena akihama mstari. Ilinila Jumamosi nzima. Naongelea zile Axio na Fielder za kuanzia 2015 zenye Toyota Safety Sense C, yaani ule mfumo wa usalama unaokulilia ukitoka kwenye mstari wa barabara, kamera na leza vimekaa pamoja juu kwenye kioo.

1. Angalia swichi, ile yenye kagari katikati ya mistari miwili. Usicheke, wengi wanaizima wenyewe bila kujua.

2. Safisha kioo mbele ya kamera, bandua stika, lenzi usiiguse. Na tinti ikifika hapo itoe, sitaki kusikia eti ni nyepesi.

3. Kalibresheni, yaani kuipanga upya kamera ijue inatazama wapi, sasa hapa ndo siku yangu iliishia. Kamera inaona barabara kupitia kioo, kwa hiyo kioo kipya kikikaa tofauti kidogo tu, kule mbele mstari unaonekana sehemu siyo. Fundi wa kioo alisema itajizoea yenyewe. Haijizoei! Tukachomeka kile kiskana cha bei poa cha Bluetooth tukafuta kodi za hitilafu (siyo za TRA), taa ya onyo kwenye dashibodi ikazimika tukapongezana, tumefika getini imerudi. Kufuta kodi siyo kalibresheni jamani, tafuta fundi mwenye Techstream (programu ya Toyota ya kupimia magari yao) kwenye leptopu pamoja na bango lake la alama, linalosimamishwa mbele ya gari kwa vipimo vya modeli yako. Kabla hajaanza hakikisha upepo wa tairi zote ni ule wa kwenye kibandiko cha mlangoni, tairi za mbele zimenyooka, sakafu tambarare kabisa, na gari halina mzigo, maana sisi tulirudia mara tatu inakataa, saa tisa ndo shemeji anakumbuka ana mifuko miwili ya saruji kwenye buti, nyuma imelala kamera inatazama mawingu. Katikati ya gari pimeni kwa timazi na uzi, lile la fundi mwashi linatosha, siyo kwa jicho. Na fanyeni kivulini, jua likipiga bango mnaanza upya.

4. Kajaribu barabara yenye mistari inayoonekana, sisi tulitoka Kibaha kuelekea Chalinze. Chini ya kama 50 km/h hailii, kwa hiyo kwenye vibao vya 50 pale vijijini usidhani imekufa tena. Ukiwasha indiketa pia inanyamaza, inajua umekusudia. Na hii ya Fielder kazi yake ni kulia tu, usukani haishiki, ni wako.

Tumepita Mlandizi ikalia, shemeji katoa macho kwenye sait mira anauliza nani huyo anatupigia honi.