Maharage yasiyojaza tumbo gesi

Wateja wangu wa mchana, wengi mafundi wa gereji, wanapenda wali maharage ila wanalalamika tumbo kuunguruma. Maharage yana aina ya sukari ambayo utumbo mwembamba hauimeng'enyi. Ikifika utumbo mpana, bakteria wanaila na kutoa gesi.

Basi mimi nayachambua na kuyaloweka jioni, maji yayafunike kabisa. Asubuhi utakuta maji yamebadilika rangi, na yana povu juu: mwaga yote, usiyaonee huruma, suuza, kisha bandika kwa maji mapya. Yachemke mpaka punje ibonyee kwa vidole viwili bila kubakiza kiini kigumu. Nusu mbichi ndiyo balaa lenyewe.

Ukishajaa gesi, tembea taratibu dakika 10 au 15, au lala chali uvute magoti kifuani. Soda acha, inakufanya ubweue, kumbe umejiongezea gesi. Na nyie mnaokula huku mnabishana mpira, mnameza hewa tele!

Maumivu makali yasiyoachia, damu kwenye choo, kutapika mfululizo au kukonda bila sababu, hapo nenda hospitali.