Masoso, sosoma na katogo: asubuhi tatu, sufuria moja

Hapa Goma unga wa uji tunauita masoso: mahindi, soya, sorgo, yaani mtama. Vuka mpaka pale Petite Barrière uingie Gisenyi, Rwanda, utaukuta unga huohuo ukiitwa sosoma. Nafaka ni zilezile, silabi tu zimebadilishana viti. Naishi Birere, karibu kabisa na mpaka, na miaka yote nimesikia watu wakibishana nani anajua kunywa chai ya asubuhi kati yetu na majirani. Mimi nasema tupike kwanza. Asubuhi tatu mfululizo, sufuria moja, halafu kila mtu aangalie njaa imemrudia saa ngapi.

Asubuhi ya kwanza: masoso

Kazi yote iko kwenye soya. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, kwa hiyo usiikaushe juani tu na kuipeleka kinuni. Ioshe, ichemshe nusu saa, ianike, kisha ikaange taratibu mpaka inukie kama karanga. Hapo ndipo isagwe. Mimi napima vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama, kimoja cha soya. Soya haiko pale kwa ladha: protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, na soya ndiyo inayoijazia.

Koroga unga kwa maji baridi kwanza, ndipo uumimine kwenye maji yanayochemka huku mkono hautulii. Ukishatokota, punguza makala, uache dakika 20. Sukari mwishoni. Kunywa na mandazi ya moto.

Asubuhi ya pili: sosoma

Unga ni uleule, kwa hiyo sirudii. Wenzetu wanauita uji wenyewe igikoma. Shangazi yangu wa Gisenyi anaupika mwepesi, wa kunyweka, anaongeza maziwa, na pembeni anaweka viazi vitamu vilivyochemshwa. Kwangu mimi viazi hivyo vinashinda mandazi.

Asubuhi ya tatu: katogo

Hiki ni cha Uganda, na ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Ndizi za kupika na matumbo ya ng'ombe katika sufuria moja, tena asubuhi! Mara ya kwanza nilishangaa. Mara ya pili niliomba nyongeza.

Osha matumbo kwa maji ya chumvi na limau, mara tatu au zaidi, usione uvivu. Yachemshe peke yake mpaka yalainike. Huku kwetu usiharakishe: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na nyama inachelewa kuiva. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya ndizi, maana utomvu wake hautoki kwa sabuni, na kila ndizi uliyomenya itumbukize kwenye maji isiwe nyeusi.

Kitunguu, nyanya, chumvi, kisha matumbo na supu yake, ndizi juu. Funika. Usikoroge kwa mwiko, ndizi zitapondeka; shika sufuria kwa vitambaa uitikise. Ziko tayari zikigeuka njano na supu imekuwa nzito.

Maswali ya wanachama

*Uji wangu unafanya mabonge kila siku. Nakosea wapi?* (Ndosho)
Dada, nadhani unatia unga mkavu kwenye maji ya moto. Ulowanishe kwa maji baridi kwanza. Yakishatokea, chuja tu, usimwage chakula.

*Mume wangu hali matumbo. Katogo basi tena?* (Himbi)
Hapana, mama. Wapo wanaoipika kwa maharagwe au kwa karanga zilizosagwa. Karanga ziyeyushe kwanza kwa maji ya vuguvugu, uzitie ndizi zikikaribia kuiva, la sivyo zitaungua chini.

*Na wewe, njaa ilikurudia saa ngapi?* (Katindo)
Masoso na mandazi, saa nne na nusu. Sosoma na viazi vitamu, karibu saa sita. Siku ya katogo nilikumbuka chakula saa nane, nikiwa sokoni Virunga, kwa sababu nilipita mbele ya mama anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu.

*Naweza kumpa mtoto wa miezi saba katogo?* (Majengo)
Matumbo bado, mama, atapaliwa. Mpondee ndizi na supu kidogo, na chumvi utie baada ya kumtolea yake.