Mnakutanisha vijana wa nchi tofauti? Hivi ndo mtawafundisha usalama wa mtandaoni

Kijana wa miaka 15 ukimwambia asitume picha zake kwa mtu asiyemjua atakuitikia vizuri tu, ndiyo nimeelewa, halafu anarudi kwenye simu yake. Ila mkalishe na mwenzake wa rika lake aliyetoka nchi nyingine kabisa, lugha nyingine, halafu huyo mwenzake aseme "hata mimi kuna mtu alinifuata hivyohivyo, kwa maneno hayohayo", hapo simu inawekwa chini na masikio yanafunguka. Hiyo ndo nguvu ya programu za kubadilishana vijana na mi naona waandaaji wengi wanaiacha ipotee, wanamwita mtaalamu anakuja na slaidi anaongea masaa mawili, vijana wanapiga makofi, basi. Mwongozo huu ni kwa kiongozi wa kundi, mwalimu au mtu wa asasi mwenye vijana wa nchi mbili, tatu au zaidi watakaokaa pamoja siku kadhaa (zile za Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya kwa mfano ni siku 5 hadi 21 bila kuhesabu safari, na zinapokea kuanzia miaka 13). Kazi yako kubwa ni kuwatengenezea mahali ambapo watafundishana, na wewe kuhakikisha mahali hapo ni salama kweli.

Kabla hawajapanda ndege

Somo la kwanza ni grupu la WhatsApp, sio semina. Siku unapolifungua umeshaweka namba za watoto wa watu mbele ya watu wasiowafahamu, na kila aliyemo anaweza kumfuata mwenzake inboksi. Kwa hiyo kabla hujamuadi mtu yeyote, viongozi wa nchi zote pigeni simu moja mkubaliane: maadmini ni wawili au watatu na wasiwe wa nchi moja, linki ya kujiunga haizungushwi ovyo, na mtu mzima hamtumii kijana meseji ya faragha, akiwa na jambo naye aandike kwenye grupu au amuweke kiongozi wa pili kwenye mazungumzo. Hiyo ya mwisho huwa inapigwa chenga sana, watu wanasema sisi tunaaminiana bwana. Kuaminiana hakuhusiki hapa. Kijana akishazoea kwamba watu wazima wenye nia njema hawamfuati inboksi usiku, siku akitokea mwenye nia mbaya atashtuka mapema.

Halafu fomu ya picha. Fomu nyingi zina sehemu moja tu ya mzazi kutia sahihi, "naruhusu mwanangu apigwe picha", inatosha. Haitoshi. Tenganisha: picha ya ripoti ya mfadhili, picha ya ukurasa wa asasi, na kumtagi kijana kwa jina, haya ni mambo matatu na mtu anaweza kukubali moja akakataa mengine. Na kijana mwenyewe aulizwe, maana sura ni yake. Asiyetaka picha mpe kitambulisho chenye stika ya rangi tofauti ili mpiga picha asilazimike kumuuliza mbele za watu kila dakika. Mkubaliane pia kwamba picha za mahali mnapolala haziwekwi kabisa, na za matembezi zinapostiwa mkishaondoka pale.

Kitu kingine kidogo ambacho kinaumiza watu safarini: kijana aliyeweka uthibitisho wa hatua mbili kwa njia ya SMS, akifika ugenini akabadilisha laini, kodi (ile namba ya kuthibitisha kwamba ni yeye anayeingia) inaenda kwenye laini aliyoichomoa. Anafungiwa nje ya akaunti yake, na kwa papara anaanza kubonyeza linki yoyote inayojifanya ya msaada. Waambie wiki moja kabla waweke programu ya kutoa kodi kwenye simu, au waandike zile kodi za akiba kwenye karatasi waiweke mbali na simu.

Siku za mwanzo, usiwatishe

Ukianza na hatari wanajifunga. Anza na maisha yao: kila mmoja aeleze siku yake ya kawaida mtandaoni ikoje, anafungua nini akiamka, nani anaweza kuona anachoposti, wazazi wanajua kiasi gani. Wagawe kwanza kwa makundi ya lugha zao, waongee kwa raha, ndo mje pamoja kwa lugha ya wote, la sivyo watakaoongea ni wale wenye Kiingereza kizuri tu na wengine watakaa kimya wiki nzima huku pengine ndo wenye mengi ya kusema.

Hapo ingiza sheria, inachangamsha kuliko unavyodhani. Ulaya sheria ya data ya GDPR inasema umri wa mtoto kukubali mwenyewe data zake zitumike na mitandao ni miaka 16 lakini inaruhusu kila nchi ishushe mpaka 13, ndo maana Ujerumani ni 16, Ufaransa 15, Hispania 14, Ubelgiji 13. Marekani mstari uko kwenye 13. Australia tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa ya kijamii inatakiwa izuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Wape kila kundi litafute ya kwao halafu waulize tu, kwa nini wenzenu wana umri tofauti na wenu, na je inasaidia? Watabishana mpaka chakula kipoe. Acha wabishane, ni haki yao, hata Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilipotoa maoni yake namba 25 mwaka 2021 kuhusu watoto na mazingira ya kidijitali iliwasikiliza watoto wenyewe kwanza.

Mazoezi mawili ya kuyapa muda

La kwanza ni la mtu wa kubuni. Tengenezeni akaunti ya kijana asiyekuwepo, ichapeni kwenye karatasi, picha sita au saba, kwa mfano: selfi ambayo beji ya shule inaonekana kifuani, ramani ya mbio zake za asubuhi kutoka kwenye programu ya mazoezi, picha ya keki yenye tarehe ya kuzaliwa, tiketi ya tamasha ikiwa na msimbo wake, picha ya anachokiona dirishani kwake. Wagawe wawili wawili wa nchi tofauti, wape dakika 20, waandike kila wanachoweza kujua: anasoma wapi, anakaa upande gani, saa ngapi anakuwa peke yake barabarani. Mpaka hapo hujafundisha chochote na chumba kimeshakuwa kimya. Usithubutu kutumia akaunti ya mshiriki hata akijitolea, utamuanika mbele ya watu ambao atakula nao meza moja siku zote zilizobaki. Baada ya hapo kila mtu achukue simu yake, peke yake, bila kumuonyesha mtu, apite mipangilio: nani anaona stori, lokesheni iko wazi kwa nani (ile ramani ya Snapchat wengi wameshasahau kwamba wanaonekana), programu gani zina ruhusa ya kamera na maiki.

La pili ni zito zaidi na mi ningelipa nusu siku nzima. Ni mazungumzo ya mtu anayetafuta picha za utupu ili aje adai hela au picha zaidi. Yaandike kwenye karatasi, meseji moja moja, uwe unazifunua taratibu:

"Mambo, naona tuna marafiki wengi wa pamoja."
"Wewe ni tofauti na wengine, unajua kusikiliza."
"Tuhamie huku, hii app inanisumbua."
"Nimekutumia yangu, sasa zamu yako, au huniamini?"
"Ninayo orodha ya wote wanaokufolo. Una saa moja."

Kila meseji simama uulize: hapa ungejibu nini? Hapa ungetoka vipi? Je, kwa lugha yenu hii wangeiandikaje? Hilo swali la lugha lina kazi kubwa, maana wanapotafsiri kila mmoja anakuta mtego uleule kwa lugha tano, na yule aliyewahi kuandikiwa hivyo anajua kwamba hakuwa mjinga, kwamba hii ni kazi ya watu, wanaifanya kwa vijana wengi kwa maneno ya kunakili. Na sema wazi kwamba wavulana wanalengwa sana kwenye hii ya kudai hela, kwa sababu wavulana ndo wanaodhani mada hii ni ya wasichana. Sema pia kwamba siku hizi picha inaweza kutengenezwa na akili bandia kutoka kwenye selfi ya kawaida, kwa hiyo hata ambaye hajatuma chochote anaweza kutishwa.

Kisha mfanye njia ya kutoka, wairudie mpaka waijue: acha kujibu, usilipe (ukilipa anarudi kudai zaidi), usifute mazungumzo kwa sababu ndo ushahidi, piga skrinshoti ya jina la akaunti na vitisho, ripoti na umbloku, mwambie mtu mzima leo hii. Waonyeshe pia Take It Down, huduma ya bure ya NCMEC, shirika la Marekani la watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, inapokea watu wa nchi yoyote kwa picha zilizopigwa wakiwa chini ya miaka 18. Kijana hatumi picha yenyewe, simu inatengeneza alama ya kidijitali ya ile picha na hiyo alama ndo inayopelekwa kwa mitandao iliyojiunga ili iizuie. Hana haja ya kutaja jina.

Kijana akikufuata pembeni

Baada ya zoezi hilo mtu atakuja, pengine usiku, pengine siku ya mwisho mabegi yakiwa mlangoni. Jiandae kabla. Msikilize, usimuulize "kwa nini ulituma", na usimuahidi kwamba hutamwambia yeyote, mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia na yeye atajua ni nani. Picha usiombe kuiona, usiipige skrinshoti, usijitumie. Nchi nyingi kuwa nayo tu ni kosa hata kama nia yako ni msaada. Andika maneno yake kama alivyosema, na saa. Mpigie anayehusika na ulinzi wa watoto kwenye mradi na kiongozi wa nchi anakotoka huyo kijana, kwa sababu polisi na huduma atakazozihitaji akirudi ziko kwao, sio kwenu. Namba za simu za msaada kwa watoto za kila nchi shiriki ziwe zimebandikwa mlango wa choo tangu siku ya kwanza, mahali ambapo mtu anaweza kuzinakili bila kuonekana.

Wakisharudi makwao

Hapa ndo miradi mingi inalegea. Kijana anarudi na marafiki wapya 30 au 40 wa ugenini, kila siku anapata ombi la "nilikuwepo kwenye ile kambi, hunikumbuki?", na anakubali kwa sababu kweli kulikuwa na watu wengi. Tapeli anahitaji picha moja tu ya pamoja yenye jina la mradi ili ajifanye mmoja wenu. Kwa hiyo kabla hamjaagana wakubaliane swali la siri ambalo jibu lake halipo kwenye picha wala video yoyote, tuseme nani aliimba kwenye basi siku ya mvua, na asiyejua jibu hakubaliwi. Grupu nalo lipewe tarehe ya kufungwa, mkishawaachia vijana wenye hiari wafungue la kwao watu wazima watoke wote.

Baada ya miezi miwili mitatu waite kwenye simu ya video, nusu saa tu. Usiwaulize wanakumbuka nini. Waulize nani amemsaidia mtu, mdogo wake, rafiki wa darasani, amefanyaje, na alikwama wapi. Pale walipokwama paandike, ndo kipindi cha kwanza cha kundi linalofuata.